Mbuzi Sita wa Godelieve

Mzee Trollip hakumruhusu mtu kuingia chumbani kwake bila herufi. Hata uwe umebeba chai, hata uwe umebeba dawa zake za presha, utasimama mlangoni na kuulizwa, "Meli gani? Toka wapi? Kwenda wapi?" Aliuliza kwa Kiswahili, kile Kiswahili cha amri alichookota bandarini Kilindini wakati wa Vita vya Pili, alipokuwa kijana wa miaka ishirini. Ukishajibu, anakuchorea herufi mbili hewani kwa kidole, nawe unamrudishia mbili zako za siri. Ukipatia, anasema, "Pita." Ukikosea, anageukia ukuta, na siku hiyo hali wala hanywi.

Herufi aligawa mwenyewe tarehe mosi ya kila mwezi, kwenye vikaratasi alivyokata kwa mkasi wa kucha. Sista Motaung, muuguzi na msimamizi wetu, alikuwa na zake, mpishi alikuwa na zake, hata mchungaji wa Jumapili alipewa zake. Mwanzoni niliona ni upuuzi. Baadaye nikagundua kwamba mzee huyu, asiyekumbuka jina la mwanawe wa kumzaa, hajasahau hata siku moja herufi za mtu. Nikaacha kucheka.

Mimi ni Yasini, mtu wa Tanga. Kwa miaka mitatu, mpaka Julai 2017, nilikuwa mtunza wazee katika nyumba moja ya wazee mjini Johannesburg, upande wa mashariki, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Jeppestown nilikopanga. Jina la nyumba nitalihifadhi. Wazee walikuwa arobaini na wawili, na sisi tuliowaosha, kuwalisha na kuwageuza vitandani wengi wetu tulikuwa wageni, kwa sababu kazi ya kusafisha baba wa mwenzio haina wagombea wengi.

Mwenzangu wa zamu alikuwa Marcelline, mama wa miaka arobaini na mitatu kutoka Bukavu. Kwao alikuwa muuguzi kamili kwa miaka kumi na mmoja. Huku cheti chake hakikuwa na uzito mpaka afanye mtihani wa baraza la wauguzi, na mtihani ulikuwa Oktoba. Ili afanye, alihitaji vitu viwili: karatasi ya ukimbizi isiyopitwa na tarehe, na barua ya mwajiri. Alisomea saa ya chakula, kitabu kimefungwa kwenye kipande cha kitenge kisichafuke. Nilimtania kwamba atakapovaa kofia ya usista nitakuwa wa kwanza kuugua ili anihudumie, naye akanijibu kwamba ugonjwa wangu, uvivu, hauna dawa.

Chumba cha Mzee Trollip kilikuwa ghorofani, dirisha likitazama njia panda yenye robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani. Malori yaliyokwenda kwenye maghala yalisimama pale kila taa nyekundu ilipowaka. Mzee alikaa na darubini shingoni na daftari la shule mapajani. Kwake kila lori lilikuwa meli. Aliandika saa, rangi, mzigo na upande lilikoelekea. Lori la mikate alilipitisha siku zote. Lori la matairi alilitilia shaka kila lilipopita, na sababu alikuwa nayo.

Sababu yenyewe ni mpira. Mwaka 1942 alikuwa mtu wa bendera na taa, signala, kwenye manowari ya Waingereza iliyoitwa Thessaly. Ilikuwa aina ya kruza, meli yenye mbio na mizinga ya kutosha. Ujerumani ilikuwa imezingirwa baharini na haikuwa na mpira wa kutengenezea matairi. Mpira ulikuwa Malaya na Java, mikononi mwa rafiki zao Wajapani. Basi meli zilipakia mpira, bati na kwinini huko mashariki, zikajaribu kuzunguka nusu ya dunia kimyakimya mpaka Ufaransa. Mzee aliziita wapenyaji. Kazi ya Thessaly ilikuwa kuwanasa.

Watu hudhani vita vya baharini ni mizinga. Kwa maelezo ya Mzee Trollip, ni kuchoka. Kruza ilitoka Kilindini, ikateremka kusini ya Madagaska, ikaenda mashariki maili mia nne, ikageuka, ikarudi magharibi kwa mstari mwingine, kama mtu anayelima matuta. Saa nne za zamu, saa nne za kulala, biskuti zenye wadudu, wiki tatu bila kuona hata moshi. Halafu siku moja moshi unaonekana, na kila mtu anakumbuka kwamba ana tumbo.

Wapenyaji nao hawakuwa wajinga. Walijipaka rangi mpya wakiwa safarini, wakajitundikia bomba la moshi la mbao, wakaandika ubavuni jina la meli ya Norway au Uholanzi na kupandisha bendera ya marafiki. Kwa hiyo jina halikuwa na maana, wala bendera. Kilichoaminika ni herufi za siri. Kila meli ya marafiki ilipewa zake, na zilibadilishwa kila mwezi. Kruza ikipandisha herufi mbili, meli inajibu mbili. Asiyejibu, au anayejibu vibaya, ni adui.

Mwezi wa Machi walimnasa mmoja. Walishusha mashua mbio mbio, kwa maana wapenyaji walikuwa na amri ya kuzamisha meli yao wenyewe kuliko kuiacha itekwe. Mashua ilipofika, meli ilikwisha lala ubavu, na mabaharia wake wamo kwenye mashua zao, masanduku yamefungwa vizuri, wengine wamevaa tai. Marobota ya mpira yalielea siku mbili. Nahodha wa Kijerumani alipopandishwa kwenye kruza, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza atundike wapi koti. Hapo Mzee Trollip alicheka kila mara aliposimulia, nasi tulicheka naye.

Kulikuwa na jambo jingine alilopenda kulirudia. Kule juu, anaposimama nahodha na maofisa wake, signala ana sheria moja tu: sema unachosoma, usiseme unachodhani. Sisi nasi tulikuwa na sheria kama hiyo. Mezani kwa Sista Motaung kulikuwa na kitabu cha zamu, na ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa wino mwekundu: andika ulichokiona. Mzee alipojua habari ya kitabu hicho alifurahi sana.

Sasa nije kwenye kosa langu. Mdogo wangu Samira alikuwa anaolewa Tanga, arusi ya Mfungo Mosi, mara tu baada ya Idi. Baba yetu alikwisha fariki na ndugu wa kiume ni mimi peke yangu, kwa hiyo mimi ndiye walii wake. Ndiyo, ningeweza kumpa mjomba uwakala kwa simu. Mama hakutaka kusikia habari ya simu. Alisema mtoto wa Mzee Ameir hataozeshwa na kifaa. Niliomba likizo, Sista akakataa, maana wafanyakazi wawili walikuwa na mafua ya baridi na zamu zilikuwa hazizibiki. Basi nami nikaugua mafua. Karatasi ya daktari niliipata Jeppestown, kwa bwana mmoja anayepima mfuko kabla ya kifua.

Ilibaki kupata wa kunishikia zamu. Nilimfuata Marcelline kwenye chumba cha nguo, akikunja mashuka.

"Dada Marcelline, nishikie siku kumi. Kuanzia tarehe tatu."

"Siku kumi? Yasini, ile wiki niko naenda ku Durban. Karatasi yangu inaisha tarehe kumi."

Karatasi yake ya ukimbizi ilitolewa Durban, na sharti igongwe muhuri huko huko. Tiketi ya basi alikuwa nayo, ya tarehe nne.

"Utakwenda nikirudi," nikamwambia. "Zitakuwa zimepita siku mbili tatu tu. Nani atakuuliza?"

Alikunja shuka moja, akakunja la pili.

"Samira ataolewa mara ngapi?"

"Mara moja, inshallah."

"Basi enda. Lakini uniletee kitenge, hapana kanga. Kanga zenu ziko na maneno mingi."

Nilikwenda. Niliketi mbele ya shehe, nikashikana mkono na shemeji yangu, nikamwozesha dada yangu kwa kinywa changu, na sijutii hata neno moja la siku ile. Nilikula pilau siku tatu. Alhamisi, tarehe kumi na tatu Julai, nilirudi kazini nikiwa na kitenge na uso uliong'aa.

"Eh," alisema Marcelline aliponiona. "Hii mafua inanenepesha batu."

Nilimuuliza habari ya Durban. Alisema ameomba ruhusa tena, Sista amempa kuanzia tarehe ishirini, na tiketi mpya ni ya jioni ya tarehe kumi na tisa. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amefanya zamu mbili mbili kwa siku kumi.

Tulipanda kwa Mzee Trollip pamoja. Marcelline akatoa herufi zake, akapitishwa, akaanza kutandika kitanda. Mimi nikaulizwa meli gani, nikajibu. Akanichorea herufi mbili, nikatoa zangu. Zilikuwa za Juni. Za Julai ziligawiwa tarehe mosi, siku niliyokuwa mapumzikoni nikifunga mizigo.

Nilingoja ageukie ukuta. Hakugeuka. Alishusha darubini, akafunga daftari lake.

"Hizo ni za mwezi uliopita," alisema kwa Kiingereza.

"Nilikuwa safarini, Mzee. Sikupata mpya."

"Najua," alisema. "Hata wao."

Hapo ndipo alipotusimulia habari ya Godelieve, na mpaka hapo tulikuwa hatujawahi kuisikia. Ilikuwa meli ndogo ya mizigo ya Wabelgiji, upande wa marafiki. Mwezi wa Agosti ilifunga Kilindini jirani na Thessaly, na Trollip akatumwa kwenda kuazima bendera. Mpishi wake alikuwa Mkongo wa Matadi, jina lake Placide. Huyo Placide alikuwa amejenga zizi la mbao huko nyuma ya meli, na ndani yake alifuga mbuzi sita, kwa sababu nahodha wake hakupenda nyama ya kopo. Placide alimkaribisha kahawa. Walipokuwa wakinywa, mbuzi mmoja akala nusu ya bendera iliyoazimwa. Walicheka mpaka kahawa ikamwagika, wawili wasiojua lugha moja.

Oktoba, kusini ya Madagaska, Thessaly iliona moshi. Wakauliza meli gani. Ikajibu Godelieve. Wakapandisha herufi mbili, meli ikajibu mbili, nazo zilikuwa za Septemba. Injini ilikuwa imewafia kwenye bandari ndogo isiyo na ofisi ya jeshi, wakakaa huko wiki tano, na herufi za Oktoba hazikuwafikia. Hilo lilijulikana baadaye. Nahodha wa kruza alipeleka simu ya upepo London kuuliza kama meli ya jina hilo inatakiwa kuwa pale, na jibu halikuja. Kusogea karibu aliogopa, kwani mwaka uliotangulia manowari nzima ilizama na watu wake wote kwa kumsogelea adui aliyejigeuza meli ya biashara. Kusimama kungoja hakuweza, kwa ajili ya nyambizi. Taa ya Godelieve ilikuwa inawaka na kuzima kwa Kifaransa, na wakati ule nusu ya Wafaransa walikuwa upande wa Hitler.

"Aliwapa dakika kumi," alisema Mzee Trollip. "Mimi ndiye niliyekuwa na darubini. Nikaliona zizi. Nikawaona mbuzi."

Marcelline aliacha kutandika.

"Mpenyaji anaweza kupaka rangi meli nzima," alisema Mzee. "Anaweza kujenga bomba la uongo. Hawezi kujua habari ya mbuzi wa Placide."

"Ukawaambia?" Marcelline aliuliza.

"Niliwaambia nilichosoma. Herufi."

"Na mbuzi?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Mizinga ilipiga mara tatu. Godelieve ilizama kwa dakika ishirini. Waliokoa watu arobaini na mmoja, na kumi na tisa hawakuonekana, Placide akiwa mmojawao. Mbuzi mmoja aliogelea mpaka kwenye kamba, akavutwa juu pamoja na watu. Baraza la uchunguzi lilikaa siku mbili, likaona nahodha hana kosa, kwa sababu herufi zilikuwa za zamani kweli.

"Hata huko hakuna aliyeniuliza," alisema Mzee Trollip. Kisha akainua darubini na kurudi kwenye robot.

Nje, kwenye ujia, Marcelline aliegemea ukuta.

"Ule Placide ni mutu wetu," alisema. "Matadi ni mbali na kwetu, sijafikaka kule. Lakini ni mutu wetu."

"Umemkasirikia?"

"Nimekasirika, ndiyo. Na saa kumi nitamuogesha. Mutu wa myaka makumi tisa na tano utamufanya nini?"

Mimi nilimdharau. Nasema wazi, nilimdharau kabisa. Nilijiambia, mtu gani huyu, umebeba mbuzi sita moyoni miaka sabini na mitano, eti kwa sababu hukuulizwa? Mdomo ulikuwa wako, darubini ilikuwa yako. Nilikwenda kwetu Jeppestown siku ile nikijiona mtu mwema. Nyani haoni kundule.

Jumatano iliyofuata, tarehe kumi na tisa, saa nne asubuhi, alifika bwana mmoja kutoka ofisi kuu ya kampuni, Midrand. Alikuwa na faili chini ya kwapa na miwani juu ya kichwa. Kampuni ilikuwa na nyumba nyingi za wazee, na alikuwa anazipitia zote akikagua karatasi za wafanyakazi wageni. Hakupiga simu kabla. Alikuwa mtu wa adabu, alisalimia kila mtu, na sina la kumlaumu.

Alitukuta chumbani kwa Mzee Trollip. Kumwinua mzee kutoka kitandani ni kazi ya watu wawili, ndiyo kanuni, na tulikuwa ndiyo kwanza tumemweka kwenye kiti chake dirishani. Mzee alikuwa anamwuliza mgeni meli gani, na mgeni akamjibu, "Habari ya asubuhi, babu," akaingia bila herufi. Sista Motaung alisimama mlangoni. Karatasi yangu ilikuwa safi, akanirudishia. Akachukua ya Marcelline, akashusha miwani.

"Hii imekwisha tarehe kumi," alisema.

"Ndiyo, bwana."

"Leo ni kumi na tisa. Siku tisa unafanya kazi bila karatasi."

"Nina tiketi ya basi ya leo jioni. Nakwenda Durban kuigonga."

"Leo jioni si tarehe kumi." Alisema bila ukali. "Kwa nini hukwenda mapema?"

Marcelline alikuwa ameshika ncha moja ya shuka na mimi ncha ya pili. Alilitazama lile shuka.

"Nilikuwa kazini."

"Kila mtu yuko kazini, mama."

Sista Motaung alisema kwamba ni msimu wa mafua, watu walikuwa wachache. Bwana yule akasema mafua hayagongi muhuri. Sista akatazama viatu vyake. Yeye ndiye aliyempangia Marcelline tarehe ishirini, na hakulisema hilo.

Bwana akatoa fomu kwenye faili, akaiweka juu ya kimeza cha dawa. Tulizijua fomu zile. Jina likiandikwa pale, mtu anaondoka siku hiyo hiyo, na jina linaingia kwenye orodha ambayo nyumba zote za kampuni huitazama kabla ya kuajiri. Barua ya mwajiri hakuna tena. Oktoba hakuna tena. Marcelline alikuwa anajua, nami nilikuwa najua, na hakunitazama hata mara moja. Laiti angenitazama, ningepata la kumkasirikia.

Niliogopa. Sitafuti jina jingine la kuupamba woga huo. Nikifungua mdomo, karatasi yangu ya daktari inafunguka nayo, na mwenye karatasi ya uongo hapewi hata siku moja ya kujieleza. Nilisimama na ncha ya shuka mkononi na moyoni nilikuwa nikisema maneno mawili tu: sijaulizwa mimi. Niliyasema mara nyingi, na kila mara yalinipoza kidogo.

Bwana aliandika herufi ya kwanza ya jina la Marcelline.

"Signala," alisema Mzee Trollip.

Hakuwa ameielekeza darubini kwenye robot. Alikuwa ametuelekezea sisi. Aliipitisha kwa Marcelline, kwa bwana mwenye faili, kwa Sista mlangoni, kisha ikaja kutulia usoni kwangu.

"Signala. Unaijua meli ile?"

"Babu anasema nini?" bwana aliuliza.

"Mwache," Sista akasema. "Ana vita vyake."

"Nakuuliza wewe," Mzee akaniambia. Sauti haikuwa ya mgonjwa. Nilidhani nazijua sauti zake zote, na hii sikuwa nimewahi kuisikia. "Unaijua?"

Nilikuwa nimebakiwa na kisingizio kimoja duniani, na mzee huyu alikuwa amenipokonya.

"Naijua," nikasema.

"Umeona nini?"

"Mbuzi, Mzee. Mbuzi sita."

"Basi sema."

Nikasema. Nilimwambia bwana wa Midrand kwamba tarehe nne Julai mama huyu alikuwa na tiketi ya Durban mkononi, na hakwenda kwa sababu alinishikia zamu zangu. Nilimwambia kwamba sikuwa na mafua, nilikuwa Tanga nikimwozesha dada yangu, na karatasi ya daktari ni ya kununua. Nilimwambia aletewe kitabu cha zamu. Sista Motaung akashuka kukichukua mwenyewe. Aliporudi alikifungua, akaanza kugeuza kurasa, moja baada ya moja, na kila ukurasa kuanzia tarehe tatu mpaka kumi na mbili ulikuwa na sahihi ya Marcelline mara mbili, asubuhi na jioni. Alipofika mwisho, Sista akasema, kama mtu anayemeza kidonge kikubwa, "Na tarehe ishirini nilimpangia mimi. Aliomba mapema zaidi."

Bwana alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Aliandika muda mrefu. Marcelline alipewa siku saba kuleta karatasi iliyogongwa muhuri. Ile fomu hakuichana, fomu ni fomu. Alikata herufi aliyokuwa ameanza, na mbele yake akaandika jina langu.

"Toa ishara," alisema Mzee Trollip. "Endelea na safari." Kisha akageukia robot, maana lori la mikate lilikuwa limesimama.

Nilikusanya vitu vyangu kabla ya saa saba. Marcelline alinisindikiza mpaka getini. Hatukusema mengi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Yasini, weye ni mujinga," na machozi yalikuwa yanamtoka. Nami yalinitoka, sioni haya. Jioni alipanda basi, na Jumamosi alirudi na muhuri.

Siku hizi niko Mayfair, hapa hapa Johannesburg, kwenye duka la Ummi, mama wa Kizanzibari anayeuza udi, vitambaa na misala. Mama yangu kule Tanga anaamini nilipandishwa cheo, na sijapata nguvu ya kumtoa katika imani hiyo. Kuna siku naumia. Naikumbuka kazi ile, hata ile harufu yake ya sabuni na supu, na siwezi kurudi kwenye nyumba yoyote ya kampuni ile maana jina langu liko kwenye orodha.

Mzee Trollip alifariki Septemba, asubuhi, kwenye kiti chake. Marcelline alifanya mtihani Oktoba, akafaulu. Alipopata matokeo alikuja dukani akiwa amevaa kile kitenge, na mkononi ana bahasha. Alisema mtoto wa Mzee Trollip aliagiza vitu vya chumbani vitupwe, naye akaokoa kimoja.

Lilikuwa daftari la shule. Kurasa zimejaa malori, mikate, matairi, saruji, saa na rangi. Nilitafuta Julai. Ukurasa wa tarehe kumi na tisa ulikuwa na mistari michache, kwa mwandiko wa mkono unaotetemeka lakini ulionyooka:

"Saa nne na dakika arobaini asubuhi. Meli ya Wabelgiji, Godelieve. Herufi za mwezi uliopita. Mbuzi sita. Signala aliulizwa. Signala alisema. Imepita."